Jino la Eudokia na Mkate wa Pasaka

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, wapendwa, kwamba huko Misri, pale mashamba ya mtoni yanapokoma na jangwa kuanza, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake wacha Mungu. Mkubwa wao aliitwa Mama Sarapia, mja wa Mwenyezi Mungu aliyekonda kwa saumu lakini kicheko chake hakikupungua hata chembe.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Katika ukumbi wa chakula palikuwa na meza mbili. Waliokuwa wachanga katika imani walikaa karibu na jiko, wakapewa maziwa ya mbuzi na uji laini, kwa kuwa Mtume alikwisha kufundisha kwamba mtoto hulishwa maziwa, na chakula kigumu ni cha watu wazima. Waliokomaa walikaa mbele na kula mkate mkavu, ule uliookwa mara chache kwa mwaka na kuanikwa juani mpaka ukawa mgumu kama kigae. Kila Pasaka, ibada ilipokwisha, Mama Sarapia alitwaa mkate mmoja na kumtia mkononi yule aliyemwona amekua. Mtawa huyo aliuma kipande mbele ya wenzake, nao wakaimba Aleluya kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika uani.

Eudokia alikuwa wa meza ya maziwa. Alikuwa na bidii ya ajabu, Mungu amrehemu, ila bidii yenyewe ilikuwa na haraka. Waliokuja nyuma yake walishahamia mbele, naye bado anapuliza uji. Kila bakuli la maziwa lilipowekwa mbele yake aliliona kama tusi. Mwaka mmoja alimwendea Mama Sarapia akamweleza jinsi anavyofunga. Mwaka uliofuata akamweleza sala ndefu alizozihifadhi moyoni. Mama alimsikiliza kwa upole, akamwambia avute subira, na Pasaka ilipofika mkate ukaenda kwa mwingine. Eudokia alilia hasa, akaapa moyoni kwamba Pasaka ijayo haitampita.

Kwaresima ilipoanza, akawaza hivi: ikiwa waliokomaa ndio wanaoweza kuutafuna mkate ule, basi dawa ni kujizoeza kutafuna. Tusimcheke sana, maana wengi wetu tungewaza vivyo hivyo. Mchana, wenzake walipojipumzisha, aliingia ghalani kimyakimya, akachukua kipande cha mkate, akajibanza nyuma ya mitungi ya nafaka na kutafuna huku jasho likimtoka. Alifanya hivyo siku baada ya siku, na taya likaanza kupata nguvu. Siku moja akauma kwa pupa, akasikia kitu kimelia kinywani. Mkate ulikuwa mzima. Jino lake la mbele ndilo lililovunjika.

Tangu siku hiyo Eudokia akawa anafunika mdomo kwa utaji. Hakucheka mbele za watu, na akiulizwa jambo alijibu kwa neno moja huku ameinamisha uso. Wenzake wakastaajabu. Wakaambiana kwamba Eudokia amebadilika, maneno yamekwisha, majivuno yamekwisha, amekuwa mtu wa kimya na unyenyekevu. Sifa hizo zilimfikia, naye hakuzikanusha, ijapokuwa zilimchoma kuliko jino lenyewe.

Pasaka ikafika. Ibada ilipokwisha, Mama Sarapia alitembea polepole kati ya zile meza mbili, akasimama mbele ya Eudokia na kumtia mkate mkononi. Ukumbi mzima ukavuta pumzi tayari kwa Aleluya.

Maskini Eudokia! Kitu alichokililia miaka yote kilikuwa kiganjani mwake. Angeweza kugeuka kidogo, akauma kwa magego, na asijue mtu. Mkono ulikwisha kufika kinywani. Hapo akaona haya mbele za Mungu, haya ambayo hakuna utaji wa kuifunika. Akaushusha mkate, akafunua uso.

"Mama, mkate huu si wangu," alisema. "Nimekuwa nikiiba ghalani ili nijifunze kuutafuna, na jino likanivunjika. Mnachokiita unyenyekevu kilikuwa ni kuficha pengo."

Mabega ya Mama Sarapia yakaanza kutikisika, kisha mwenyewe akaangua kicheko mpaka akashika meza. Na alipocheka, kinywa kilifunguka wazi, wala ndani hamkuwa na jino hata moja. Eudokia alikuwa ameuona ufizi ule tangu siku ya kwanza, asijiulize hata mara moja huyu mzee anautafunaje mkate mgumu.

"Mwanangu, siku ya Pasaka huumwa ukingo tu; mezani sote tunauloweka bakulini," alisema Mama, akijifuta machozi. "Nami nimekosea, maana nilikupa mkate kwa ajili ya kimya cha jino. Lakini usinirudishie. Mwaka ule ulikuja kunieleza saumu yako, na mwaka uliofuata ukanieleza sala zako. Leo umenieleza habari za Eudokia. Aliyekua ni huyu."

Akauchovya mkate katika bakuli la maji la meza ya mbele kwa mkono wake mwenyewe, akamlisha. Aleluya iliyoimbwa siku ile, wasema wasimulizi, ilichanganyika na vicheko, na kuku hawakurudi uani mpaka jioni.

Kesho yake alfajiri Eudokia aliamshwa kabla ya kengele, akapewa ndoo. Watawa wote wa meza ya mkate walikuwa zizini tayari, wakikama mbuzi. Alisimama mlangoni ameduwaa. Miaka yote alikuwa akiyakuta maziwa mezani kana kwamba yamejileta yenyewe, na waliokuwa wakiamka kuyakama ni hao hao aliowaonea wivu. Alikaa chini akakama, mbuzi mweusi akampiga teke, ndoo ikamwagika, akaanza upya.

Asubuhi alimimina maziwa kwa mtawa mgeni aliyeitwa Tabesi. Binti yule alikuwa akiikodolea macho meza ya mbele. Akanong'ona, "Dada Eudokia, ule mkate ni mgumu sana?"

Eudokia alicheka, pengo likaonekana wazi. "Mkate ni laini, mdogo wangu. Mgumu ni yule mbuzi mweusi. Kunywa kwanza."

Basi, wapendwa, tumwombe Bwana atujalie kukua. Na asubuhi tutakapojiona tumekua, tutazame mkononi kama kuna ndoo.