Siku Moja ya Nakijwa

Nikisema "Kisa," ninyi semeni "Kije." Haya. Kisa!

Kije!

Kije na nini?

Mbona kimya? Sisi utotoni tulijibu "Kije na kweli yake." Semeni hivyo basi. Na wewe Kiure, mwachie mwenzio sikio, unalitaka la nini na lako unalo?

Hapo kale, kale ile milima hii ilipokuwa bado inasukumana kutafuta pa kukaa, na ukungu ukishuka hadi mlangoni kupiga hodi, palikuwa na mtu akiitwa Mrindoko. Mrindoko alikuwa na mke, Nakijwa. Wakaishi, wakaishi, wakaishi mpaka meno yakawaaga. Kisha Nakijwa akafa. Alikufa masika, na mvua zilipokatika binti yao akajifungua mtoto wa kike.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Jina la marehemu halikuokotwa tu njiani kama ukuni. Kabla mjukuu hajapewa, yule aliyeishi na marehemu alikalishwa penye jiko la marehemu, mchana kweupe, asimulie siku moja. Moja tu! Siku aliyokaa naye, tangu jua kutoka mpaka jua kuzama, bila kuchanganya. Watu wamemzunguka. Anayejua kuwa sivyo anasema "Hapana." Hapana ya kwanza, figa moja linaondolewa. Hapana ya pili, figa la pili. Hapana ya tatu, jiko limekwisha, na jina linazikwa. Halitamkwi tena, si kwa mtoto, si kwa mbuzi.

Mrindoko hakuwa na wasiwasi. "Siku moja?" alisema. "Mimi ninazo elfu!"

Akachagua iliyo nzuri kuliko zote, siku ya kuziba ufa wa ndiva. Ndiva mnaijua, lile bwawa la udongo huko juu, maji yanalala humo usiku na asubuhi yanafunguliwa yashuke mashambani kwa zamu. Basi akaketi. Shangazi yake, kikongwe kuliko wote, ndiye aliyekuwa mshika mafiga.

"Siku hiyo," Mrindoko akaanza, "niliamka na Nakijwa tukapanda kwenye ndiva. Mvua ilikuwa inanyesha, nguo imemganda mwilini..."

"Hapana," akasema jirani yake, mzee Semboja. "Ufa ule uliletwa na ukame. Jua lilipasua udongo. Nilikuwepo, na goti hili ndipo lilipochubukia."

Shangazi akaondoa figa moja.

Mrindoko akakuna kichwa. Kweli, ulikuwa ukame. Sasa ile nguo mbichi ameitoa wapi? Akaendelea, sauti imepungua kidogo.

"Basi jua. Mchana tukakaa ukingoni, mimi na Nakijwa, tukala makande kwenye chungu kimoja. Nikasema neno, akacheka mpaka harage likamtokea puani."

"Hapana, shemeji," akasema Mkunde, mdogo wake Nakijwa. Alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi. "Dada alikuwa msibani kwa mjomba. Aliniachia kazi ya kukupikia. Aliyecheka ni mimi."

Figa la pili likaondoka. Pakabaki moja, peke yake kwenye majivu.

Jamani! Mrindoko alikitunza kicheko kile miaka yote. Alikuwa akilala nacho. Akitoka shamba amechoka, anakitoa, anakisikiliza, anakirudisha. Leo anaambiwa si cha mke wake!

"Shangazi," akasema, "nipe ruhusa nikajisaidie."

"Nenda. Ila jua halikungoji."

Hakujisaidia kitu. Alipanda mbio mpaka kwenye ndiva, akasimama ukingoni, akafumba macho amwone Nakijwa anacheka. Akamwona, lakini meno yalikuwa ya Mkunde. Akayaondoa meno, uso nao ukaondoka. Akajaribu siku ya harusi, akakumbuka kiatu kilichokatika ukanda, basi, bibi harusi hayupo. Akajaribu siku ya gulio. Nakijwa alikuwa mjamzito? Au alikuwa na mtoto mgongoni? Au lile ni gulio jingine? Kila akivuta siku moja, zinakuja kumi zimeshikana mikia. Akajiuliza, "Kwani mimi nimeishi na nani?"

Akaogopa sana. Alijua kwamba akikosea tena, hakuna mtu atakayeita "Nakijwaaa!" kwenye miteremko ile, akaitikiwa. Masika yalimuua mara moja. Mume wake atamuua mara ya pili.

Akashuka, hajui anakokwenda, miguu ikamfikisha kwenye kijishamba cha magimbi kando ya mfereji. Cha Nakijwa. Akalitazama lile lango la maji, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Hiyo siku aliikumbuka yote. Hakuwahi kumsimulia mtu. Alikuwa ameifukia chini kabisa, na pengine ndiyo sababu haikuchanganyika na nyingine.

Akarudi, akaketi. Ile siku ya ndiva akaiacha, desturi haikumkataza.

"Siku ile," akasema, "nilimwibia mke wangu maji."

Watu wakaguna.

"Ilikuwa zamu yake, ya magimbi. Nikaamka kabla yake, nikageuza mfereji uende kwenye miwa yangu ya pombe. Akaja, akakuta udongo mkavu, akanitazama. Hakusema neno. Akashika jembe, akaanza kulima kutoka juu. Nami nikaona haya, nikaanza kulima kutoka chini. Nikakohoa, hakugeuka. Nikaimba, hakugeuka. Nikajifanya nimejikata mguu, nikapiga ukelele, watu wangu, hakugeuka! Jua likapanda, jua likashuka, tukakutana katikati, jembe kwa jembe. Ndipo akasema neno moja siku nzima. Akasema, 'Sogea, unakanyaga gimbi.' Nyumbani akapakua, akanipa ukoko mtupu. Nikala. Jua likazama."

Kila mtu akamgeukia Mkunde. Mkunde akafungua kinywa, na watu wakashika vichwa.

"Ni kweli," akasema. "Dada aliniambia. Ila umeacha kitu, shemeji. Alisema baada ya ukoko ulikwenda nyuma ya ghala, ukalia."

Mrindoko akaruka. "Hapana! Ulikuwa moshi!"

Ehee! Mmesikia? Nani kasema hapana? Na ni hapana ya ngapi?

Watu wakatazamana. Huyu anasema imehesabiwa, huyu anasema msimuliaji hawezi kujikana mwenyewe, Semboja anasema tangu azaliwe hajaona jambo kama hili. Shangazi alikwisha kulishika figa la mwisho kwa mikono miwili. Masizi ya miaka yote ya Nakijwa yalikuwa juu yake.

"Mrindoko," akasema. "Ulikuwa moshi?"

Mrindoko akalitazama lile figa.

"Nililia," akasema. "Nililia, shangazi. Niliogopa kwamba hatasema nami tena mpaka nife. Na sasa ndivyo ilivyo. Hatasema nami tena."

Shangazi akaliachia figa. Akayarudisha na yale mawili, moja baada ya jingine, akayapanga yalivyokuwa. Kisha akamchukua mtoto kwa mama yake, akamweka kwenye mapaja ya Mrindoko, akamwambia, "Mwite."

Naye akamwita.

Hapo mngedhani mambo yamenyooka. Thubutu! Jioni, watu wakiondoka, Mkunde akamfuata. "Shemeji, hata mimi ile ya makande sina hakika nayo. Dada alikuwa akinisimulia mara kwa mara. Pengine nimesikia mpaka nikajiona nimo." Mrindoko hakujua afurahi au amkasirikie. Alikufa mzee sana, na mpaka anakufa hakujua siku ile alicheka na nani. Alikuwa akiuliza watu, na watu walikuwa wakimjibu kila mmoja lake.

Basi wajukuu zangu, shikeni hili. Mtu wenu akifa, msimsugue sana kwa sifa. Ukimsugua mno anatoka rangi, anafanana na kila mtu, unampoteza. Mkumbukeni na jembe lake na ukoko wake. Na nanyi jikumbukeni mlivyokuwa wabaya mbele yake, msiseme ulikuwa moshi.

Jina lile limekwenda, limepita kwa mjukuu, na kwa mjukuu wa mjukuu, na kwa wengine nisiowajua, mpaka likamfikia bibi mmoja anayechambua maharage. Ninyi mnamwita Bibi tu, hamjawahi kumuuliza anaitwa nani. Siku mtakapoketi penye mafiga yangu, msije mkasema nilikuwa mpole. Hapana zitakuwa nyingi. Kiure, wewe najua utachagua siku ya leo, ya kugombezwa kwa sababu ya sikio. Ichague. Utakumbuka vizuri.

Kisa kimekuja na kweli yake, nami nimekirudisha jikoni kilikotoka. Mwenye chake akilete, na mwenye njaa alete sahani.