Komba na Shule ya Mafuvu

Paukwa!
Pakawa!
Wenye meno sogeeni, na vibogoyo sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitibiana meno wenyewe, Komba aliishi na mama yake katika tundu la mti. Komba alikuwa na vidole vyembamba, vyepesi. Kila aliyeviona alisema, "Hivi ni vya mganga wa meno." Naye Komba akataka kuwa mganga wa meno.

Shule zilikuwa mbili. Ya Kiboko, mtoni. Ya Fisi, pangoni.

Komba akaenda mtoni.

"Shikamoo, babu. Ada yako ni nini?"

"Marahaba. Mzinga mzima wa asali. Na utakaa misimu mitatu ya mvua."

"Mbona ghali hivyo, babu?"

"Hapa unajifunzia kinywani mwangu. Ukikosea, napiga kelele. Ukikosea tena, napiga kelele tena. Kelele hizo ndizo masomo."

Komba akaenda pangoni. Fisi akacheka, hii hii hii.

"Kwangu ni kibuyu kimoja cha asali, msimu mmoja tu."

"Tunajifunzia wapi, mjomba?"

"Kwenye mafuvu. Ninayo tele, si unanijua? Tena hayalalamiki."

Fisi hakudanganya. Alifundisha kwa alichokuwa nacho.

Nyumbani mzinga ulikuwa mmoja tu, chakula cha kiangazi.

"Utoe wote, uende kwa Kiboko," mama akasema. "Mimi nitalamba utomvu wa mgunga."

Komba akazitazama mbavu za mama yake, zilivyotokeza. Akasema, "Jino ni jino, mama." Akachukua kibuyu kimoja, akaenda kwa Fisi.

Akang'oa, kacha. Akang'oa, kacha. Fuvu likatulia. Akawashinda wanafunzi wenzake wote.

Msimu ulipokwisha akarudi nyumbani, akamkuta mama yake amevimba shavu.

"Nani amekutibu, mama?"

"Nimewakataa waganga wote. Nilikuwa nakungoja wewe."

Mama akafungua kinywa. Komba akalishika jino, akavuta kwa nguvu zile zile za pangoni. Mama akashtuka. Ulimi ukaruka huku, ukaruka kule. Damu ikajaa. Komba hakuwahi kuona damu ya jino. Kwa hofu akavuta zaidi.

Kacha.

Halikuwa jino. Lilikuwa taya.

Akambeba mama yake mbio mbio hadi mtoni. Kiboko akamfunga taya kwa kamba za magome, damu ikakatika. Kisha akauliza taratibu, "Ulimi wake aliushika nani?"

"Hakuna, babu. Fuvu halina ulimi."

Kiboko akakaza fundo la kamba.

"Atapona?" Komba akauliza.

"Ataishi, mjukuu wangu. Kutafuna, basi tena."

Tangu siku hiyo Komba akawa anamtafunia mama yake panzi na matunda, anamlisha kwa vidole vyake vile vyembamba. Mama hakumlaumu hata mara moja. Alisema kwa shida, maneno yakimvunjika mdomoni, "Ulinihurumia, mwanangu. Najua."

Hilo ndilo lililomliza. Mpaka leo, mkimsikia komba akilia mtini kama mtoto mchanga, msimcheke.

Na funzo ni hili: kuuliza ada si kosa, kila mtu anaujua mfuko wake. Lakini uliza pia utajifunzia kinywani mwa nani. Usichofundishwa shuleni, atakilipia yule atakayekuamini akakufungulia kinywa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwa Komba na mama yake.