Nungunungu na Kiwanja cha Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo? Wadogo mpo? Basi sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, zama ambazo wanyama waliuziana ardhi kwa viazi vikuu, paliondokea Nungunungu. Alikuwa na mke na watoto wawili. Walikaa bondeni, katika shimo walilolinunua kwa haraka kwa sababu lilikuwa rahisi. Hawakumwuliza jirani hata mmoja. Masika ilipofika, mto ukaingia. Nungunungu akatoka na mtoto mmoja. Akarudi, akatoka na wa pili. Akarudi tena. Mkewe hakutoka.

Tangu siku ile alilala na watoto chini ya gogo, kulekule bondeni, kwa kuwa hakuwa na pengine. Akalima. Akachimba. Akaweka viazi. Vikapu vilipotimia kumi, mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika.

Akaja Kunguru, dalali wa viwanja.

"Kraa! Kraa! Shemeji, nimekupatia kiwanja! Mlimani, udongo mwekundu, laini kama ugali wa moto!"

"Cha nani?"

"Cha Ngiri. Vikapu vinane vyake, kimoja changu. Lipa leo, hamia leo."

Nungunungu akatikisa miiba. Chakacha, chakacha. "Nimesikia. Hatua ya kwanza ni ipi?"

"Hatua gani tena? Hatua ni kubeba vikapu!"

"Hatua ya kwanza ni kuuliza kwa msajili."

"Shemeji, mawingu hayo huyaoni? Na Mbweha naye anakitaka. Kesho utamkuta ameshatandika mkeka."

Nungunungu akatazama mawingu. Kweli yalikuwa mazito. Akawatazama watoto chini ya gogo. Lakini akatia kiazi kimoja mkobani, ndiyo ada ya upekuzi wa hati, akaenda kwa Fuko.

Fuko alikuwa msajili wa ardhi. Macho yake hayakuona, ila kila kiwanja alikijua kwa chini. Kila jina alilichora kwenye gome, na alilisoma kwa vidole. Akapokea kiazi. Akatoa stakabadhi. Akapapasa, papasu, papasu.

"Kiwanja cha mlimani. Hakina deni. Hakina kesi. Kina wamiliki wawili."

"Wawili?"

"Ngiri na mkewe. Hati yao wameitundika ukutani, ndani ya shimo lao. Bila alama ya kidole cha mke, mkataba wenu utakuwa gome la kuwashia moto."

Kunguru akaruka kutoka tawini. "Mke yuko kwao, amekwenda kujifungua! Mume akishaweka kidole, yamekwisha!"

Chakacha, chakacha. "Nimesikia. Hatua inayofuata ni mke."

Wakaenda kwanza kwa Ngiri. Walimkuta anakimbia huku na huku kwa furaha, mkia juu kama bendera. Alitaka kuuza kiwanja apate mtaji wa biashara ya magadi.

"Viazi viko wapi, kaka?"

"Jina la mkeo liko kwenye hati," alisema Nungunungu.

Mkia ukaanguka, pwa! "Hati ipi?"

"Hiyo iliyotundikwa ukutani, ndani ya shimo lako."

Ngiri akakuna sikio. "Kaka, sisi akina Ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Meno nje, matako ndani. Baba yangu hivyo, babu yangu hivyo. Ukuta huo sijawahi kuutazama."

"Matako yako yanaijua hati kuliko wewe," alisema Kunguru, kwa hasira.

Kesho yake Nungunungu akafunga safari kwenda kwa wazazi wa Mama Ngiri. Kunguru alimfuata juu kwa juu. "Atakataa! Kiwanja umekikosa! Kraa!" Nungunungu alijua kwamba huenda ikawa hivyo. Mbali, mbingu zilikuwa zinanguruma. Akaendelea kutembea.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba." Mama Ngiri alikuwa amelala, watoto wanne wananyonya.

"Mume wako anauza kiwanja. Nimekuja kukuuliza kama nawe unauza."

Mama Ngiri akasimama ghafla. Watoto wakadondoka, pu, pu, pu, pu. "Anauza nini? Na hawa niwalaze wapi, juu ya magadi yake?"

"Basi sinunui, mama." Nungunungu akageuka.

"Simama hapo, baba. Wewe ulitaka nini mlimani?"

"Mahali maji yasipofika."

Habari za bondeni kila mnyama alikuwa amezisikia. Mama Ngiri akawakusanya watoto wake.

"Nimekaa pale masika saba," akasema. "Upande wa machweo maji hayajafika hata siku moja. Na kiwanja ni kikubwa kuliko haja yetu. Nusu ya machweo nitakuuzia kwa vikapu vinne. Nusu ya mawio haiuzwi. Na viazi vihesabiwe mbele ya macho yangu."

Wakampitia Ngiri, wakarudi wote kwa Fuko. Kiwanja kikapimwa na kugawanywa, ada ikalipwa. Viazi vikahesabiwa mbele ya Mama Ngiri, mkataba ukachorwa, vidole vitatu vikawekwa. Ushuru ukalipwa. Kunguru naye akapata chake, nusu kikapu, kwa kuwa kazi ya kutafuta aliifanya. Akanyamaza. Ikabaki hati mpya.

"Jina la mmiliki?" aliuliza Fuko.

"Nungunungu."

"Na la mwenzi?"

Miiba haikulia.

"Amefariki."

Fuko akaacha vidole vyake juu ya gome. "Niandike nani?"

"Waandike watoto. Wote wawili."

"Kila jina kiazi kimoja."

Nungunungu akalipa, akachukua stakabadhi.

Kisha wakazunguka mpaka, kama ilivyokuwa desturi. Kila jirani alipanda mkonge kwa mkono wake mwenyewe, asije akasema baadaye kwamba hakuwepo. Fuko aliuliza, majirani wakajibu.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa!"

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa!"

"Panda, baba watoto," Mama Ngiri alimwambia mumewe, "na leo utazame mbele!" Wote wakacheka, Ngiri mwenyewe akiwamo.

Nungunungu akachimba siku mbili. Siku ya tatu, adhuhuri, mvua ikashuka. Waa! Mto ukafura, ukalimeza bonde zima. Nungunungu akasimama mlangoni, mtoto mmoja kushoto, mmoja kulia. Maji yakapita chini, mbali, gubu, gubu, gubu.

"Baba," mdogo akauliza, "yatapanda?"

"Niliuliza," akasema Nungunungu. "Hayapandi."

Wasikilizaji wangu, fundisho ni hili. Ukinunua ardhi, usione haya kuuliza, wala usikubali kuharakishwa. Lipa ada, chukua stakabadhi, na kila mwenye haki umsikie kwa masikio yako mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na hapo ndipo mpaka wake.