Madirisha ya Bi Mshindo

Hapo zamani za kale, mawe yangali laini na jua likitembea taratibu kama mgonjwa, palikuwa na ziwa moja tu lisilokauka. Mlangoni mwake alilala Bwana Mamba.

Hakumruhusu kunywa ila mtu wa ukoo wake. Na ukoo aliupima hivi: uje na fuvu la babu yako, naye apapase kwa kucha nyuma ya tundu la jicho. Akikuta madirisha mawili, yaani matundu katika mfupa, moja juu, moja chini, husema, "Pita, ndugu." Mjusi alipita. Nyoka alipita. Hata ndege walipita, msicheke, nao wanayo. Sisi wenye nywele tuna moja tu. Gusa pembeni mwa jicho lako, kisha utafune: hapo panapocheza ndipo lilipo.

Bi Kobe akaenda na fuvu la babu yake. Mamba akapapasa.

"Nyumba gani hii isiyo na hata dirisha?"

"Babu alichelea baridi, bwana."

"Basi rudi kwenye joto lako."

Nyumbani wajukuu wamelala, ndimi zimekauka kama majani ya mgomba. Yule mdogo kabisa hakuweza tena kulia.

Bi Kobe akawatazama, akatoka. Akaenda kwenye mto uliokufa, ambako mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani ililala matopeni. Akaokota fuvu moja refu, akaziba madirisha yake kwa tope, akalifunga kanga, akaacha wazi kijisehemu tu nyuma ya jicho.

"Umerudi, mkaidi wee?" Mamba akamuuliza mlangoni mwa ziwa.

"Nimeleta bibi safari hii. Marehemu hafunuliwi uso, bwana. Papasa hapo palipo wazi."

Mamba akapapasa, macho nusu yamefumba kwa usingizi. "Ukuta mtupu. Huyu si wetu. Yeye na kizazi chake chote wasinywe humu milele."

"Umesema?"

"Nimesema, na ziwa limesikia."

"Haya. Nipe kata moja ya maji nimwoshe. Hata maiti ya mgeni huoshwa."

Hilo Mamba hakuweza kulikataa. Akachota mwenyewe.

Maji yakashuka, tiriri, tiriri. Tope likayeyuka. Dirisha la juu likafunguka, la chini likafunguka, jua likapita humo, likalala juu ya ziwa kama mayai mawili ya dhahabu. Kanga ikateleza. Jino la mbele lilikuwa limevunjika.

Mamba akalitazama jino hilo hata kereng'ende akamtua puani.

"Jino hili lilivunjikia kwenye ukwato wa nyati," akasema polepole. "Huyu ni bibi yangu, Bi Mshindo. Alinibeba kinywani nilipokuwa mdogo."

"Pole, bwana. Basi nenda, wewe na kizazi chake chote."

"Bi Kobe, niondolee neno hilo."

"Neno ni lako, mimi nitaliondoaje? Labda useme jingine kubwa kuliko hilo."

Mamba akaligeukia ziwa. "Anywe kila mwenye kiu."

"Sasa umesema. Maji hunywewa kwa mdomo, bwana wangu, si kwa dirisha."

Jioni ile yule mdogo kabisa akalia tena, akalia mpaka majirani wakalalamika, na Bi Kobe akamwacha alie, maana hakuwahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Ngano yangu imekunywa imeshiba, nami nawaachia hili: anayewafungia wenziwe mlango, atazame kwanza bibi yake yuko upande gani.