Njia ya Mtoto Hailimwi

Sogeeni karibu, mnaooa na mnaoolewa, niwaeleze ya zamani kabla hamjaingia ndani ya nyumba zenu. Mimi ni mwanamke, tena wa ukoo wa huyo Semeni nitakayemtaja, kwa hiyo asiseme mtu kwamba nawapendelea wanaume.

Hapo kale, hapa milimani Lukwamba, ardhi ilikuwa ya wanawake, nyumba zilikuwa za wanawake, na watoto walikuwa wa mama na wajomba zao. Mwanamume alioa kwa kuhamia kwa mkewe, jembe lake begani. Ndoa ikivunjika, mke aliliweka jembe hilo nje ya mlango. Mume alilichukua akaenda zake, wala baraza halikumwuliza neno. Watoto hakuwaona tena. Wanaume wenyewe waliliridhia jambo hilo. Aliyelia walimwita mwanamke.

Palikuwa na mtu aitwaye Lukwele, mume wa Semeni. Walijaliwa binti mmoja, Mbonja. Semeni alipojifungua aliugua muda mrefu, hana maziwa, hana nguvu hata ya kuinua mkono. Lukwele ndiye aliyemnywesha mtoto uji mwembamba wa ulezi, akamfunga mgongoni na kulima naye. Watu walimcheka, naye akaendelea kulima.

Semeni alipona. Miaka ikapita, mapenzi yakapoa kama yanavyopoa, wakagombana, na asubuhi moja Lukwele akakuta jembe nje. Alilichukua bila ugomvi, akajenga kibanda ng'ambo ya bonde. Lakini Mbonja alimfuata. Kila siku alishuka bondeni na kupanda kwa baba yake, mpaka nyayo zake zikachora kijia katikati ya shamba la ukoo wa mama yake, lililosimamiwa na wajomba.

Mjomba mkubwa, Kobelo, hakupenda. Akapanda mihogo juu ya kijia, akaizungushia miiba. Lukwele akaja mchana kweupe, watu wakiona, akaing'oa yote na kuilaza kando. Kobelo akapanda tena. Lukwele akang'oa tena. Safari hiyo wajomba walimpiga hadi wakamvunja mkono, wakapanda upya. Mkono ukiwa bado umefungwa vijiti, akaja akang'oa kwa ule mwingine.

Hapo ndipo Bibi Mlali, mwanamke aliyekuwa mkuu wa milima hii, alipoitisha baraza.

“Mila inakuruhusu kuondoka na jembe lako,” alimwambia Lukwele. “Unataka nini zaidi? Unataka ardhi yetu?”

“Sitaki ardhi, bibi. Sikuja kuwapokonya wanawake kitu,” alijibu Lukwele. “Lakini mimi si kibarua aliyemaliza msimu. Mtoto huyu nimemlea. Nifukuzeni, nipigeni, mihogo hiyo nitaing'oa mpaka nife.”

Mzee mmoja wa kiume akamnong'oneza anyamaze, anawaaibisha wanaume. Lukwele akamgeukia. “Wewe, mzee wangu, una watoto ng'ambo ya mto. Ulizisikia lini sauti zao?”

Mzee akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyafuta.

Bibi Mlali akamtazama Semeni. “Ni kweli alimlea?”

Kobelo alimkonyeza dada yake akatae. Semeni akampa kaka yake mgongo. “Simtaki tena kuwa mume wangu,” akasema. “Hilo halibadiliki. Lakini mtoto yule yu hai kwa sababu yake.”

 Bibi Mlali alinyanyuka, akaenda hadi shambani kwa Kobelo, akainama na kung'oa shina la kwanza kwa mkono wake. Wanaume waliotolewa majembe nje, waliokuwa wamesimama nyuma kabisa ya baraza, wakaja wakang'oa yaliyobaki. Kobelo alisimama akitazama, hakuthubutu kumgusa mtu.

Na tangu siku hiyo, hapa Lukwamba, ndoa ikivunjika ndugu hukaa kwanza wakamsikiliza na mume. Kisha hufyeka njia kutoka mlango wa mama hadi mlango wa baba, na njia hiyo hailimwi, hata mwaka wa njaa. Mkishuka huko bondeni mtaziona, nyembamba, zinakata mashamba mazuri kabisa ya watu. Wageni hutuambia tunapoteza ardhi. Tunawaacha waseme.