Kasha la Seremala na Feni Tatu

Katika nyumba ya mchoraji ramani, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi. Palikuwa na meza pana, viti vya wageni na rula ndefu zilizoning'inizwa ukutani. Juu ya meza hiyo kilikuwapo kitu kilichowasahaulisha wageni salamu: kompyuta iliyovikwa kasha la mbao. Si bati, si plastiki. Zilikuwa mbao tupu, zimepigwa randa na msasa mpaka zikateleza kama sabuni, kisha zikapakwa vanishi ya rangi ya asali. Kasha hilo lilitengenezwa na mumewe, seremala, mara tu mkewe alipoacha ajira na kuamua kujitegemea. Seremala alilipenda kasha lile kuliko viatu vyake vya sikukuu.

"Hebu tazama hapa," alimwambia kila aliyekanyaga kizingiti. "Kompyuta ikifanya kazi hupata joto, na joto likizidi hujizima yenyewe isije ikaungua. Basi nimeiwekea feni tatu. Ya mbele inavuta hewa baridi ndani. Ya nyuma na ya juu zinatoa hewa ya moto nje. Na hakuna skrubu hata moja! Kila feni imekaa kwenye kidroo chake. Unaivuta, unaipangusa vumbi, unairudisha. Hata mama yangu anaweza!"

Laiti angeuma ulimi! Lakini fundi akianza kujisifu, nani wa kumziba mdomo?

Wiki hiyo mchoraji alikuwa na jambo zito moyoni. Kamati moja ya wazazi ilitaka kujenga shule ya chekechea, na ilikuwa imebakisha majina mawili tu ya kuchagua: lake yeye, na la kampuni kubwa yenye ofisi ghorofani. Ramani alikwisha kuichora. Kilichobaki ni filamu fupi aliyoiahidi kamati, ambayo ingemwonyesha mtu akiingia langoni, akipita darasani, akiona jua likipenya madirishani, kabla hata tofali moja halijawekwa. Wajumbe wangekuja kuitazama Ijumaa alasiri, hapo hapo nyumbani. Akiipata kazi hiyo, amesimama kwa miguu yake. Akiikosa, itambidi arudi kwa mwajiri wake wa zamani, yule aliyemuaga kwa kicheko akisema, "Nenda tu, mlango tutauacha wazi."

Alhamisi mchana, wakiwa wanakula, mchoraji alisema, "Leo kompyuta yangu ina joto kidogo."

Alilisema hilo kama mtu anavyosema kuwa leo kuna mawingu. Hakuomba msaada wa mtu. Joto lenyewe lilikuwa joto la kazi, la kawaida kabisa. Ila mezani pale walikaa mafundi wengine watatu. Wa kwanza alikuwa mumewe. Wa pili alikuwa kaka yake, fundi wa majokofu, aliyekuja kusalimia asubuhi na akasahau kuondoka. Wa tatu alikuwa mama mkwe wake, mwoka mikate ambaye mtaa mzima ulimtegemea kwa kifungua kinywa. Wote watatu waliacha kutafuna kwa pamoja.

Kaka ndiye aliyetangulia. Dada yake alipotoka kuanua nguo, yeye aliingia ofisini akinyata. "Jokofu likichemka," alijisemea, "dawa yake ni kulipulizia mgongoni." Akavuta kidroo cha nyuma, akaigeuza feni ielekee ndani, akakirudisha. Akatoka akipiga mluzi.

Punde si punde akaingia mama mkwe. Aliweka kiganja juu ya kasha, akasikia vuguvugu likipanda. "Maskini mkwe wangu," alinong'ona. "Mkate ukitoka jikoni hupozwa kwa upepo wa juu. Hawa watoto hawajui kitu." Akavuta kidroo cha juu, akaigeuza feni ipulize chini. Kweli bwana, hata mama aliweza!

Jioni seremala alirudi kutoka karakana. Alipolikaribia kasha lake alisikia sauti nyembamba ikipiga "fiii, fiii" kwenye maungio ya mbao. Damu ilimwenda mbio kwa aibu. Yeye, fundi wa miaka yote hiyo, kasha lake linavuja upepo! Hakujiuliza upepo huo ulikuwa unakimbia nini. Alichanganya gundi na unga wa mbao, akaziba kila ufa, akapiga msasa, akafuta alama zote. Kasha likanyamaza kimya.

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila mmoja wao alitaka pongezi za Ijumaa ziwe zake peke yake. Wote walilala wakitabasamu.

Asubuhi mchoraji aliiamuru kompyuta ianze kuitengeneza filamu, picha moja baada ya nyingine. Hata chai yake haijapoa, kioo kikawa cheusi. Aliiwasha tena. Picha zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa salama, zikaongezeka kidogo, kisha pu! Kioo kikawa cheusi tena. Alipojaribu kwa mara nyingine mambo yakawa yale yale, na mbao zilikuwa na moto wa kupigia pasi nguo. Mchoraji aliinamisha kichwa mezani akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia.

Watu watatu waliingia mbio, nusura wakwame mlangoni.

"Haiwezekani!" kaka alimaka. "Mimi feni ya nyuma nimeigeuza mwenyewe!"

"Umeigeuza?" seremala aling'aka. "Shemeji, nani alikutuma?"

"Na ya juu je?" mama mkwe alidakia. "Nimeigeuza vizuri kabisa, sasa joto la nini?"

"Mama! Hata wewe?"

"Si ulisema hata mama yako anaweza?"

Seremala alipapasa maungio ya kasha lake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nimeziba nyufa."

Mchoraji alifuta machozi. Alichana kipande cha karatasi laini, akakisogeza mbele ya kasha. Kikavutwa ndani. Akakipeleka nyuma, kikavutwa ndani. Akakiweka juu, kikanata pale pale kwenye feni.

"Lahaula!" alisema. "Upepo unaingia kwa milango mitatu na hauna hata tundu la kutokea. Mmenitengenezea tanuri!"

Aibu iliwashika, lakini haikudumu. Kaka alishika kidroo cha mbele akidai hicho ndicho cha kugeuzwa. Mama mkwe alimpiga kofi mkononi, akataka kasha lipelekwe uani penye kivuli. Seremala alikuwa tayari ameshika patasi, anataka kutoboa tundu jipya ubavuni. Sauti tatu zilipanda kwa pamoja, na saa haikuwa ikimsubiri mtu.

"Basi!"

Hawakuwahi kumsikia mchoraji akipaza sauti namna ile. Hata yeye mwenyewe alishtuka, ila alipiga moyo konde akaendelea.

"Mama, nisamehe kwa kupaza sauti. Nawapenda wote, na najua mlinitakia mema. Lakini kompyuta hii ni yangu, kazi ni yangu, na leo neno litatoka kwangu tu. Kaka, rudisha feni ya nyuma itoe hewa nje. Mama, ya juu nayo itoe nje. Ya mbele mtu asiiguse. Mume wangu, weka patasi chini."

"Na nyufa?" seremala aliuliza kinyonge.

"Ziache zilivyo. Umeziba vizuri."

Seremala alipata nguvu kusikia hivyo. Wote watatu walifanya walichoambiwa, kisha wakarudi nyuma, mikono wameikunja vifuani wasije wakashawishika. Karatasi ilivutwa mbele, ikapeperushwa nyuma, ikarushwa juu. Mbao zilianza kupoa. Kompyuta ilinguruma taratibu, na picha zikaanza kujipanga.

Kamati ilibisha hodi filamu ikiwa haijakamilika. Mama mkwe aliwapokea sebuleni kwa chai na mikate ya moto, akawasimulia habari za hamira mpaka wakaomba kuandikiwa kipimo. Mchoraji alipowaita ofisini, picha ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza imeingia.

Waliitazama filamu kana kwamba wamo ndani yake. Walipita langoni, wakaingia darasani, wakaona mwanga wa jua ukitua juu ya viti vidogo vya kukalia watoto. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliivua miwani akajifuta macho.

"Naona milango ingekuwa ya buluu," alisema mjumbe mmoja.

"Ya kijani!" akasema mwingine. "Tena dirisha lile lisogezwe."

"Mnaona?" mwenyekiti alimgeukia mchoraji huku akicheka. "Mwaka mzima tumekwama hivi hivi. Kila mjumbe na mlango wake, mpaka mchoraji wa kwanza alitukimbia. Binti yangu, kazi ni yako. Sisi tutakwambia tunachohitaji, mengine utaamua wewe. Utatuweza?"

Kabla mchoraji hajajibu, watu watatu waliokuwa wakichungulia mlangoni walijibu kwa mpigo, "Atawaweza!"

Mchoraji alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa amepata shule yake, na wale watatu walikuwa wamekiona kwa macho yao kile ambacho wahenga walikinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama.