Jina Lililoitwa Bwawani

Mtu mmoja alikuwa na shamba la tangawizi milimani Upare, juu ya mashamba ya wenzake wote. Aliitwa Mbonea. Pembeni mwa shamba lake kulikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba ili likusanye maji ya mto, kisha yateremke kwa mfereji hadi kwenye mahindi ya watu wa chini. Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Mbonea akaweka lango la chuma kwenye mdomo wa bwawa, akalitia kufuli, akaajiri walinzi wawili wenye virungu. Huko chini mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na kila mkulima anajua kwamba mahindi yakikosa maji wakati huo, basi tena.

Watu walikwenda kwa wakubwa, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Waliporudi wakaambiwa vilevile. Wanaume wakanoa mapanga, na wengine wakataka kubomoa ukuta wa bwawa. Mimi siwalaumu, hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini ukuta ule ni wa udongo. Ukibomoka, maji yote yanakwenda korongoni kwa saa moja, na hakuna anayekunywa, si Mbonea wala wao.

Aliyewaambia hivyo ni Nakijwa, mjane mwenye kipande kidogo cha mahindi na wajukuu wanne wa kulisha. Aliwakumbusha kwamba Alhamisi ni siku ya msaragambo, kazi ya wote ya kusafisha mfereji. Kwa desturi yao, kila nyumba inayotumia maji hutoa mtu. Kazi ikiisha, mmoja husimama bwawani akaita nyumba zote kwa majina, na kila nyumba hujibu, "Tupo." Nyumba isiyojibu hakuna anayeisaidia kuvuna, mpaka siku itakapojibu.

Basi Alhamisi wakapanda mlima, bila panga, bila hata jembe, maana jembe nalo mikononi mwa mwenye hasira ni silaha. Wakazoa tope kavu kwa mikono na vikapu, katika mfereji usio na tone la maji. Walinzi waliwacheka sana. Walipofika langoni, Nakijwa akaita majina, na jina la Mbonea akaliita mahali pake, kati ya mengine. Kimya. Wakashuka. Tangu siku ile hakuna aliyekwenda kuchimba tangawizi ya Mbonea, ila walipokutana naye njiani walimwamkia kama kawaida.

Alhamisi ya pili walipigwa. Kirungu kilimvunja Nakijwa mkono wa kulia. Sitawadanganya kwamba hakuogopa. Alilia njia nzima akirudi nyumbani. Lakini hakuna aliyerudisha pigo, ingawa wao walikuwa arobaini, na walinzi walikuwa wawili tu. Alhamisi ya tatu akapanda tena, mkono umefungwa kwa kanga, anazoa tope kwa mkono wa kushoto. Mlinzi aliyempiga alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kirungu chini, akaondoka bila kuaga. Kumpiga mtu anayekuja kukupiga ni rahisi. Mama huyu alikuja kuzoa tope.

Kufikia Alhamisi ya nne tangawizi ilikuwa inaoza ardhini. Mbonea alikuja mwenyewe langoni, amekonda, ufunguo mkononi, akamwuliza Nakijwa kama wao ni watu wasiochoka.

"Tunachoka, baba," Nakijwa akamjibu. "Ila jina lako bado limo, na leo pia nitaliita."

Akaanza kuita. Nyumba moja moja zikajibu. Alipofika kwa Mbonea aliliita jina lake, akangoja, na wote arobaini wakangoja pamoja naye. Mbonea alitazama mkono ule uliofungwa kwa kanga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba waliosimama nyuma hawakuisikia, "Tupo." Akafungua kufuli.

Nusu ya mahindi ilikuwa imekwisha kukauka, na ya Nakijwa yalikuwa katika nusu hiyo. Mwaka ule wajukuu wake walikula kwa majirani, na mkono wake haukunyooka tena. Lakini maji yalishuka, na bwawa halikubomoka. Alhamisi iliyofuata Mbonea alikuwa ndani ya mfereji, tope magotini, akizoa pamoja na watu aliowafungia maji.

Ninyi mnaonisikiliza, najua yupo aliyewafungia maji. Msimwachie. Pandeni kila Alhamisi, na mikono yake katika kazi mbaya msiisaidie. Ila nijibuni moja: mkifika langoni pake, jina lake bado mnaliita, au mlikwisha kulifuta?